Lakini

Bi Eduvigis Tovar alizungumza dakika kumi na moja.
Mimi ndiye niliyetafsiri, kinasa sauti gotini,
nimekalia kreti ya soda jikoni kwake,
Caracas, juu mlimani,
ngazi mia mbili na kumi na nne kutoka barabarani.
Mgeni wangu alizihesabu. Akaziandika.

Alisema:
Foleni naingia saa kumi alfajiri.
Unga ukija, unakuja nusu lori.
Mwanangu Wilmer yuko Lima, anauza kahawa kwenye taa za magari,
na friji hii, ona, nimeigeuza kabati la viatu.
Akaifungua. Kweli, viatu.
Tulicheka wote, hata mgeni.

Kisha akavuta pumzi, akasema lakini.
Lakini ngazi ulizopanda zimejengwa na serikali hii hii,
kabla yake tulipanda tope.
Lakini nilijua kusoma nikiwa na miaka hamsini na miwili,
mwalimu wangu kijana wa chuo, uso chunusi tupu,
hakuwahi kunicheka.
Lakini benki za kwenu zimefungia pesa zetu, nalo liandike.
Lakini hata wa kwetu wameiba,
nawajua kwa majina,
mmoja nilimbadilisha nepi.

Lakini juu ya lakini,
mgeni akiandika mpaka kalamu ikakwaruza.

Hendrik Vaalburg hakuwa mtu mbaya. Naliweka wazi
maana ni rahisi kumchora na pembe.
Alimwachia bibi dawa ya presha, chupa mbili.
Usiku ule aliandika maneno elfu mbili, akayatuma
kwenye mji wa baridi, kwa mtu nisiyemjua,
mwenye mkasi.

Jumapili likatoka.
Picha ya friji, viatu vimejipanga kama mashahidi.
Juu yake, herufi nene: UJAMAA UNAPOISHIA.
Ngazi zilikuwemo, zote mia mbili na kumi na nne:
bibi kizee huzipanda kila siku na njaa yake.
Nani alizijenga, kimya.
Serikali iliitwa utawala.
Waliokwenda kuiunga mkono walikuwa wamesombwa kwa mabasi;
walioipinga walikuwa umma.
Na ukurasa wa kumi na nane, pembeni,
mfalme fulani mwenye magereza yaliyofurika
aliitwa mshirika.

Jumatano wakaja wa televisheni ya taifa.
Taa kubwa, fulana nyekundu, binti mchangamfu.
Wakamwomba bibi arudie, wakamrudisha
kwenye ngazi, kwenye kitabu, kwenye mwalimu wa chunusi.
Friji wakaifunga,
wakaiweka chombo cha maua juu.
Wilmer hakuwa na Lima, hakuwa na kahawa,
hakuwa amezaliwa.

Nusu shari, walisema wahenga, heri kuliko shari kamili.
Sijui walisema nini juu ya nusu kauli.

Nilimsomea gazeti, nikamwonyesha kipande cha televisheni
kwenye simu yangu iliyopasuka kioo.
Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu.
Huyu bibi wa gazetini, akasema, namhurumia.
Huyu wa televisheni namwonea wivu.
Ukiwaona, waambie wapange foleni
kama sisi wengine.

Wote walinilipa, nami nilipokea.
Pesa ya Vaalburg ndiyo iliyonunua tairi za pikipiki.
Nilipoulizwa kwa simu, kutoka mji ule wa baridi,
kama bibi alisema kweli maneno yale,
nilijibu ndiyo.
Maana aliyasema.

Kinasa sauti ninacho bado.
Dakika ya nne, sekunde ya tisa:
kijiko kinagonga kikombe,
mbwa wa jirani,
anavuta pumzi.